Pombe, Utumbo na Ubongo: Kazi na Mipaka ya Bakteria wa Uchachu

Utumbo wa binadamu umetandikwa kwa ndani safu moja tu ya seli. Safu hiyo ni nyembamba kuliko karatasi, hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano, na ina kazi mbili zinazovutana: kukiruhusu chakula kilichomeng'enywa kiingie katika damu, na kuwazuia bakteria na sumu zao wasipite. Seli zake zimebanwa ubavu kwa ubavu kwa protini zinazoziba mianya, na juu yake umetanda ute mzito. Ng'ambo ya ute huo wanaishi matrilioni ya bakteria, wengi wao katika utumbo mpana. Sehemu kubwa ya hao si maadui. Hula nyuzinyuzi za nafaka na mboga ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzimeng'enya, kisha hutoa asidi za mafuta, hasa ile iitwayo butireti, ambayo ni chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Anayekula ugali wa mtama kwa mlenda huwalisha na bakteria hao, nao huulisha ukuta unaowazuia wasivuke.

Pombe huuvuruga mpango huu kwa njia zaidi ya moja. Kileo hupenya haraka katika seli za ukuta, na vimeng'enya vya mwili hukigeuza kuwa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu kuliko kileo chenyewe. Baadhi ya bakteria wa utumbo mpana nao hufanya ugeuzaji huohuo, hivyo asetaldehaidi hukusanyika hata mahali ambapo kinywaji chenyewe hakikufika kwa wingi. Sumu hiyo huzilegeza protini zinazobana mianya. Wakati huohuo jamii ya bakteria hubadilika: wale wa jamii ya laktobasili na bifidobakteria hupungua, na wale wenye sumu katika magamba yao huongezeka. Kwa mnywaji wa kila siku, mambo haya mawili husaidiana. Mlango hulegea, na nje ya mlango wanaongezeka wasiotakiwa kuingia.

Ushahidi wa kulegea huko si wa kubahatisha. Mwaka 1984 Ingvar Bjarnason na wenzake wa London walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya waraibu wa pombe waliokunywa kemikali isiyomeng'enywa, yenye alama ya mnunurisho, kisha mkojo wao ukapimwa. Kwa mtu mzima wa afya, kemikali hiyo hupita kidogo sana kwenye ukuta wa utumbo. Kwa waraibu ilipita kwa wingi, na kwa wengi wao hali hiyo iliendelea hata wiki mbili baada ya kuacha kunywa. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito kwa mganga: kuacha pombe leo hakuufungi utumbo kesho.

Kinachovuka kwa madhara zaidi ni endotoksini, yaani vipande vya magamba ya bakteria. Karibu damu yote itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini. Humo seli za ulinzi huzitambua endotoksini na kuwasha mchochota, ile hali ya kinga ya mwili kuvimbisha na kuunguza tishu ili kupambana na mvamizi. Mvamizi akija mara moja, mchochota hutulia. Akija kila jioni kwa miaka kumi, ini hujaa mafuta, huvimba, kisha hujaa makovu na kusinyaa. Zamani ilidhaniwa kwamba pombe huliua ini moja kwa moja tu. Sasa inajulikana kwamba sehemu ya kazi hiyo hufanywa na bakteria wa mnywaji mwenyewe, waliofunguliwa njia.

Kutoka kwenye ini safari hufika kwenye ubongo, na njia zake si moja. Ya kwanza ni damu: kemikali za mchochota zinazotolewa na ini huzunguka mwilini, hufika kwenye ubongo, na huziamsha seli za ulinzi zilizomo ndani yake. Ya pili ni neva ndefu inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi tumboni, ambayo hubeba habari za utumbo kwenda juu usiku na mchana. Ya tatu huonekana ini linaposhindwa kabisa. Bakteria wa utumbo hutengeneza amonia wanapovunja protini. Ini zima huiondoa, ini lililosinyaa huiacha ipite, na mgonjwa huanza kusahau, kukosa usingizi wa usiku, kusinzia mchana, mikono kupigapiga, na mwisho kupoteza fahamu. Wapo ndugu wanaomfikisha mgonjwa wa namna hii kwenye maombi au kwa mganga wa kienyeji wakiamini amerogwa, hali chanzo chake ni amonia iliyotoka kwenye utumbo wake.

Uhusiano wa utumbo na hali ya moyo ulipimwa Brussels. Mwaka 2014 Sophie Leclercq na wenzake walitoa matokeo ya waraibu 60 waliokuwa wakiachishwa pombe hospitalini kwa wiki tatu. Si wote waliokuwa na utumbo uliolegea. Lakini wale waliokuwa nao, mwisho wa wiki hizo tatu walibaki na huzuni zaidi, wasiwasi zaidi na hamu kubwa zaidi ya kunywa kuliko wenzao ambao utumbo wao ulikuwa mzima. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba utumbo ndio uliosababisha hamu. Yanaonyesha kwamba hali hizo mbili huandamana, na kwamba anayerudi kwenye kilabu baada ya mwezi mmoja huenda hakukosa nia tu.

Lipo jeraha jingine la ubongo linalopitia utumboni, nalo ni la zamani na la uhakika kuliko yote yaliyotajwa. Mwaka 1881 Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza wagonjwa watatu waliochanganyikiwa, macho yao yakawa hayasogei sawasawa na miguu ikashindwa kwenda. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana aliyekunywa asidi ya salfa, akawa hatulizi chakula tumboni. Mwanamke huyo ndiye aliyebeba siri, ingawa ilichukua miongo kadhaa kuifumbua: ugonjwa hautokani na kileo chenyewe bali na kukosa vitamini B1. Pombe huzuia utumbo kuifyonza vitamini hiyo, na mnywaji mkubwa mara nyingi hali chakula. Ubongo, ambao hauwezi kutumia sukari bila B1, huanza kufa sehemu zake za ndani. Asiyetibiwa mapema huweza kuingia katika hali iliyoelezwa na Sergei Korsakoff wa Urusi kuanzia 1887: kumbukumbu mpya hazishiki tena, na mgonjwa hujaza mapengo kwa hadithi anazoziamini mwenyewe. Dawa ni sindano ya B1, nayo hutolewa kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu glukosi ikitangulia huimaliza akiba ndogo iliyobaki. Ni dawa ya bei ndogo. Kila mazungumzo kuhusu bakteria rafiki yanapaswa kuja baada ya sindano hiyo, na mganga anayempa mlevi aliyechanganyikiwa maziwa ya mgando akasahau B1 amemwacha mgonjwa wake kwenye hatari.

Uwanda wa kati wa Tanzania una sababu zake za kulifikiria jambo hili. Dodoma na Singida ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua, na nafaka zinazostahimili hapo ni mtama na uwele. Nafaka hizo hizo ndizo za ugali, za uji, na za ujimbi, pombe ya Wagogo iliyokuwa na nafasi yake katika mahari, matambiko na kazi za ushirika shambani. Pombe ya nafaka ya aina hiyo ni nzito na ya kijivu, ina mabaki ya unga, na kileo chake ni kidogo. Ilinywewa baada ya mavuno, ghala likiwa na kitu, na ilikwisha chungu kilipokwisha. Kilichobadilika katika miongo ya karibuni ni mpangilio wa unywaji zaidi ya kinywaji chenyewe: kilabu cha kila siku, gongo inayopikwa kwa siri bila kipimo, na pombe kali za kiwandani zenye kileo cha asilimia 35 na zaidi. Pombe kali za pakiti za plastiki, vile viroba vilivyouzwa hadi vituo vya mabasi kwa bei ya mtoto wa shule, zilipigwa marufuku nchini kuanzia 1 Machi 2017, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Dodoma pia ni mkoa wa zabibu, wenye kituo cha utafiti wa zao hilo Makutupora na viwanda vya mvinyo, na zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka. Utumbo hautofautishi kileo cha zabibu na kileo cha mtama. Hupima kiasi tu.

Dodoma ndiko pia iliko Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyoanza mwaka 1927. Miongoni mwa wanaofikishwa katika hospitali za namna hiyo wamo ambao ugonjwa wao umechanganyika na pombe: wenye kuona vitu visivyokuwepo siku mbili tatu baada ya kukosa kinywaji, wenye degedege, wenye kusahau. Arosto ya pombe, kama waraibu wenyewe wanavyoiita hali ya kukosa kilevi, inaweza kuua kwa mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, kwa hiyo kuacha ghafla nyumbani bila dawa za kutuliza na bila muuguzi si ushujaa. Huo ni ukweli unaostahili kujulikana katika kila kaya yenye mnywaji mkubwa, kwa sababu familia nyingi humfungia mgonjwa chumbani zikidhani zinamsaidia.

Hapo ndipo swali la bakteria rafiki linapoingia. Wataalamu huwaita probaiotiki. Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, katika mkutano wa wataalamu wa mwaka 2001 huko Argentina, yalikubaliana kwamba jina hilo wapewe vijidudu hai tu, vinavyotolewa kwa kiasi cha kutosha, na ambavyo faida yake kwa afya imeonyeshwa. Masharti hayo matatu yana maana. Kijidudu kilichokufa kwa kuchemshwa hakimo. Kijiko kimoja chenye bakteria wachache hakimo. Na chachu yoyote ambayo haijapimwa, hata ikiwa tamu na ya jadi, haijastahili jina hilo bado. Fikra yenyewe ni ya zamani: Élie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alihimiza maziwa ya mgando mwanzoni mwa karne ya ishirini akiamini bakteria wake huwashinda wale wa kuozesha.

Jaribio lililo karibu zaidi na hali ya Mirembe lilifanyika mbali sana, katika mji wa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi. Irina Kirpich na wenzake waliwachukua wanaume 66 waliolazwa hospitali ya magonjwa ya akili kwa wazimu utokanao na pombe. Baadhi walipewa bifidobakteria na laktobasili kwa siku tano, wengine walipewa matibabu ya kawaida yenye vitamini. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2008, yalionyesha kwanza kwamba walevi hao walikuwa na upungufu wa bakteria hao ukilinganisha na watu wasiokunywa, na pili kwamba waliopewa bakteria walirudisha idadi yao na vipimo vyao vya ini vilishuka zaidi kuliko vya wenzao. Siku tano ni chache, wagonjwa ni wachache, na kilichopimwa ni ini, si akili. Hata hivyo jaribio hilo linafuata mantiki iliyoonekana kwa panya mwaka 1994, ambapo panya waliolishwa pombe pamoja na laktobasili ya aina ya GG walikuwa na endotoksini chache zaidi katika damu na ini lililoumia kidogo zaidi.

Kwa ubongo, ushahidi ulio mwingi unahusu ule ugonjwa wa amonia. Dawa ya kawaida ni laktulosi, sukari isiyomeng'enywa ambayo hulisha bakteria wa uchachu na kuifanya amonia itoke na choo. Kwa maneno mengine, tiba inayotegemewa kote duniani tayari hufanya kazi kwa kupitia bakteria wa utumbo. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio 21 ya probaiotiki, uliochapishwa 2017, ulikuta kwamba wagonjwa waliopewa bakteria walipata nafuu zaidi kuliko wasiopewa kitu, lakini haukuonyesha kwamba bakteria wanaizidi laktulosi, na majaribio mengi yalikuwa na kasoro. Kuhusu hamu ya kunywa, Jasmohan Bajaj na wenzake wa Virginia, Marekani, walichapisha mwaka 2021 jaribio la watu 20 wenye ini lililosinyaa, ambapo waliopewa jamii nzima ya bakteria wa utumbo kutoka kwa mtu mwenye afya, kwa muda mfupi, walipungukiwa na hamu ya pombe zaidi kuliko waliopewa kitu kisicho na kazi. Ishirini ni idadi ya kuanzia uchunguzi, haijatosha kuwa msingi wa tiba.

Na kuna onyo ambalo wauzaji wa vidonge hawalitaji. Pombe ni mojawapo ya sababu kubwa za kongosho kuvimba ghafla. Uholanzi walijaribu kuwapa bakteria rafiki wagonjwa mahututi wa kongosho wakitarajia kuwakinga na maambukizi. Matokeo yalitoka 2008: kati ya 152 waliopewa bakteria walikufa 24, na kati ya 144 ambao hawakupewa walikufa 9. Bakteria walio rafiki kwa mtu anayetembea waligeuka mzigo kwa mtu ambaye utumbo wake ulikuwa umekosa damu ya kutosha. Kwa mgonjwa mahututi, basi, probaiotiki si kitu cha kupelekewa kwa siri katika chupa wakati wa saa za kuwaona wagonjwa.

Tanzania haijachelewa katika elimu ya uchachu. Kwa upande mmoja imetangulia. Togwa imechunguzwa nchini kwa miongo kadhaa na watafiti waliofanya kazi pamoja na wenzao wa Sweden na Uingereza. Uji wa nafaka hupikwa, hupozwa, hutiwa kimea au togwa ya jana, kisha huachwa usiku. Bakteria wa uchachu huongezeka, na asidi hupanda kiasi kwamba vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kuishi humo. Mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa Tanzania waliopewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13: vijidudu vya magonjwa katika vinyesi vyao vilipungua. Muhimu zaidi kwa hoja hii ni utafiti uliochapishwa 1997 kuhusu watoto waliolazwa Dar es Salaam kwa kuharisha. Ukuta wa utumbo wao ulipimwa kwa sukari mbili, moja inayopita kwa urahisi na nyingine isiyopaswa kupita. Waliopewa uji uliochachushwa walionyesha utumbo kuanza kujifunga haraka zaidi, ndani ya siku chache, kuliko waliopewa uji wa kawaida. Kulegea kwa utumbo wa mtoto anayeharisha na kulegea kwa utumbo wa mlevi hakutokani na chanzo kimoja, na mtu asihamishe matokeo ya kwanza hadi ya pili kana kwamba yamethibitishwa. Lakini kipimo ni cha aina ileile, ukuta ni uleule, na chakula chenyewe kiko kwenye kila kijiji cha Dodoma. Jambo hili linastahili jaribio la kweli, na mahali pa kulifanyia hapakosekani: Mirembe wapo wagonjwa, na Chuo Kikuu cha Dodoma wapo wanafunzi wa tiba.

Upande wa Ziwa, Mwanza, bakteria aliyepimwa kisayansi alikwisha kuingizwa katika maziwa ya kawaida. Kuanzia mwaka 2004 kundi la akina mama la Tukwamuane, eneo la Mabatini, likisaidiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, lilitengeneza mtindi wenye laktobasili aina ya GR-1. Mradi huo unaonyesha kwamba probaiotiki si lazima itoke kwenye duka la dawa kwa bei ya dola. Inaweza kuchachushwa na mama mwenye sufuria safi, kipimajoto na mbegu iliyohifadhiwa vizuri.

Hapo hutokea hoja inayosikika vilabuni, kwamba pombe ya kienyeji yenyewe ni chachu, ina bakteria hai na vitamini za nafaka, kwa hiyo hujitibu yenyewe. Nusu ya kwanza ni kweli. Ujimbi na togwa hutoka katika nafaka moja na kimea kimoja, na bakteria wa uchachu hufanya kazi katika vyombo vyote viwili. Tofauti ni hamira. Togwa ikinywewa mapema, hamira haijapata muda wa kugeuza sukari nyingi kuwa kileo. Ujimbi husubiriwa makusudi ili igeuze. Bakteria walio katika kata ya ujimbi huingia utumboni pamoja na kile kinacholegeza ukuta, na B1 iliyomo humo huingia pamoja na kile kinachozuia isifyonzwe. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba bakteria wa pombe hufuta madhara ya pombe hiyohiyo.

Mpangilio wa tiba kwa mtu wa nyanda za kati unafuata mantiki hii. Kwanza anaachishwa kinywaji chini ya uangalizi, huku B1 ikitolewa mapema na kwa sindano anapokuwa na dalili. Kisha kinafuata chakula, na hapa nchi kavu ina utajiri wake: ugali wa dona, wa mtama au wa uwele usiokobolewa, kwa sababu B1 na nyuzinyuzi hukaa kwenye pumba na kiini ambavyo sembe hupoteza; mlenda; kunde; na unga wa ubuyu, wenye nyuzinyuzi nyingi zinazowalisha bakteria wa utumbo mpana. Baada ya hayo zinakuja togwa changa na maziwa ya mgando, kila siku, kwa wiki kadhaa, kwa kuwa bakteria wanaomezwa hawalowei utumboni bali hupita, na faida yao hukoma wakikoma. Maziwa yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yagandishwe. Maziwa mabichi katika nchi ya wafugaji huweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, brusela, ambao kwa binadamu huleta homa za miezi, na uchachu wa kibuyu hauwezi kutegemewa kuuua. Kwa mwenye kinga iliyoshuka sana au aliye mahututi, daktari aulizwe kwanza.

Utumbo hupona mapema kuliko ubongo. Ukuta huanza kubana katika wiki za mwanzo za kutokunywa, na vipimo vya ini hushuka katika wiki hadi miezi kama ini halijasinyaa. Picha za ubongo huonyesha kwamba sehemu ya ujazo uliopotea hurudi katika miezi ya mwanzo ya kuacha, pamoja na uwezo wa kupanga mambo na kuzingatia. Kumbukumbu iliyoharibiwa na ugonjwa wa Korsakoff hurudi kwa wachache, na mara nyingi hurudi nusu tu; kwa huyo hakuna bakteria, wa kibuyu wala wa kidonge, aliyeonyeshwa kuirudisha.